KIDONDA KUFUNGA SI KUPONA



Mwenzetu akiumia kazini, sote twakimbia. Wa kumbeba yupo, na hospitalini wa kumtazama yupo. Mfupa ukiungwa na plasta ikitolewa, kila mtu husema amepona. Msimamizi amngoja kazini, na yeye mwenyewe aona haya kukaa bure. Lakini goti halipindi, vidole havikunjiki, na nyundo yamponyoka. Huyo hajapona. Kidonda chake ndicho kilichofunga.

Leo twataka kusema juu ya mtu ambaye wengi hatumjui mpaka tumhitaji, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye wengine humwita tabibu wa viungo. Wako wanaodhani kazi yake ni kukanda tu. Kukanda kumo, lakini ni sehemu ndogo. Kazi yake hasa ni kupima kiungo chapinda kiasi gani na msuli una nguvu kiasi gani, kisha kumfundisha mgonjwa mazoezi ya kurudisha mwendo hatua kwa hatua. Kazi hii si ya jana. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London waliunda chama cha watu wa kazi hiyo, na Vita vya 1914–1918 viliwapa askari wengi mno wa kurudishwa kwenye miguu yao.

Mguu ukikaa wiki nyingi ndani ya plasta, msuli hunywea na kiungo hukakamaa. Samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo maana mazoezi hayangoji plasta itolewe. Aliyevunjika mguu hufundishwa kuchezesha vidole na kukaza msuli wa paja angali kitandani. Aliyekatwa mguu chini ya goti hukatazwa kuegemeza goti juu ya mto, maana likikauka limepinda, mguu wa bandia hautamfaa. Lakini aliyeshonwa kano za mkono asibahatishe, kwa kuwa zikivutwa kabla ya wakati zaweza kukatika tena. Afuate aliyofundishwa.

Na mgongo je, ninyi mnaoinua mataruma na magunia? Zamani mtu aliambiwa alale siku nyingi. Siku hizi imejulikana kwamba kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, kulala sana hudhoofisha, na kutembea kidogo kidogo husaidia. Ila miguu ikifa ganzi au ikikosa nguvu, au mkojo ukizuilika, mtu apelekwe hospitali mara moja.

Sasa tuje kwenye haki. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamwagiza mwajiri kulipa gharama zinazofaa za matibabu ya aliyeumia kazini, pamoja na magongo na viungo vya bandia. Asiyeweza kufanya kazi siku 3 au zaidi hulipwa sawa na mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 12. Sisi twasema wazi: mazoezi ya viungo yaliyoandikwa na daktari ni matibabu kama sindano ilivyo matibabu. Mwajiri anayelipa plasta na kukataa mazoezi amelipa nusu ya deni.

Lakini tuambiane ukweli na sisi wenyewe. Wako ndugu wanaoacha mazoezi kwa makusudi, wakisema, "Mkono ukinyooka, fidia itapungua." Hebu tupige hesabu. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, yaani miaka 8, na hiyo ni kwa aliyelemaa kabisa. Mwingine hupewa sehemu tu. Mtu wa miaka 35 akitaka kufanya kazi mpaka miaka 60, ana miaka 25 mbele yake. Fedha za kidole kimoja hazifiki huko. Mkono wafika.

Basi, wajumbe wa kila tawi, shikeni haya. Ajali yo yote mwajiri aarifiwe papo hapo, naye airipoti serikalini ndani ya siku 7. Aliyelazwa amwulize daktari angali wodini, "Mazoezi yangu yaanza lini?" Aende kwa mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, si kwa ye yote mwenye mafuta ya kukandia. Na asiweke sahihi kwamba amepona, wala kukubali asilimia ya ulemavu, kabla kiungo hakijapimwa kwa kazi anayoifanya: kupanda ngazi, kuinua, kukaza parafujo.

Na sisi wenzake tulio kazini tusimcheke anayerudi kwa kazi nyepesi. Mchana twamwachia nafasi aende mazoezini, na zamu yake twaishika. Chama ni hicho.

Umoja ni nguvu.