Usinisifu, Zima Mashine

Kuna sifa moja sitaki kuisikia tena viwandani: "Huyu fundi ni noma, anatengeneza mashine bila kuizima." Anayeisema huwa amehesabu katoni alizookoa. Vidole vyangu hajavihesabu.

Kazi yetu ni ya stima na vyuma kwa pamoja, kwa hivyo hatari nayo hutoka pande mbili. Mashine ya kufungasha bidhaa pale Industrial Area inakula stima ya volti 415. Hata ukizima swichi, chaji inabaki kwenye kapasita za draivu ya mota. Lazima ungoje dakika kadhaa ndio ufungue. Hewa nayo imebanwa kwenye silinda. Usipoitoa, chuma kinaweza kuruka na kukubana stima ikiwa imezimwa kabisa. Ndio maana unazima, unafunga swichi kwa kufuli yako, unatoa hewa, unapima na mita, halafu ndio unaingiza mkono. Meneja wa shifti haoni hayo yote. Anaona saa inaenda. Anakwambia, "Hiyo sensa ya mlango iruke na waya, tumalize oda."

Mtaniambia sheria iko. Iko, na imeandikwa vizuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mfanyakazi akiondoka mahali penye hatari kubwa kwa sababu ya haki, asifutwe wala kuadhibiwa. Lakini wengi wetu ni vibarua. Kibarua hafutwi, msee. Kesho jina lake halisomwi getini, basi. Sheria ya Ajira, ya mwaka huohuo, inataka kibarua aliyefanya kazi mwezi mmoja mfululizo ahesabiwe kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Ndio maana wengine "hupumzishwa" kabla mwezi haujaisha, kisha wanaitwa upya.

Kwa hivyo huo ujasiri mnaotusifia ni njaa iliyovaa ovaroli.

Mwajiri anayetaka fundi mkali aanze na barua ya ajira. Kisha ampe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi, si kwa ofisi ya meneja.

Na wewe uliyemaliza chuo juzi, unayetaka kuonekana, usishindane nasi kwa kuruka sensa. Ukiiruka leo, kesho kila fundi atakayesema "zima kwanza" ataambiwa yeye ni mvivu, na mfano watakaompa ni wewe.