Nyumba ikigeuzwa ghala, kesi iende wapi?

Katika mitaa inayozunguka soko la nafaka la Tandale, wilayani Kinondoni, na kule Tandika na Mbagala, Temeke, si ajabu kukuta nyumba ya familia imejaa magunia ya mahindi. Mpangaji aliingia akisema anataka vyumba vya kulala. Miezi michache baadaye ukuta wa sebule umetobolewa, mashine ya kukoboa imefungwa na vumbi la pumba linaingia jikoni kwa majirani. Mwenye nyumba anataka nyumba yake. Mpangaji anasema amelipa kodi ya mwaka na msimu ndio kwanza umeanza.

Hapo ndipo wengi hupotea njia. Huyu hukimbilia Mahakama ya Mwanzo, yule polisi. Mabaraza ya nyumba ya Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984 hayapo tena, kwani sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Chombo kinachohusika ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililotokana na Sheria Na. 2 ya 2002. Mwaka 2016 uwezo wake ulipandishwa hadi sh. milioni 300 kwa anayedai kurudishiwa nyumba au kiwanja. Kabla ya hapo shauri hupitia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 haliamui bali linasuluhisha tu; siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kusonga mbele.

Mwenye kudai nyumba irudi, basi, njia anayo. Je, anayedai malimbikizo ya kodi au fidia ya ukuta tu? Maamuzi ya Mahakama Kuu yamepingana: mengine yanaona hilo ni deni la mkataba la kupelekwa mahakama za kawaida, mengine yanasema ni mgogoro wa ardhi. Na pingamizi la mamlaka huweza kuibuliwa hata kwenye rufaa. Likikubaliwa, mwenendo mzima unafutwa. Kwa mfanyabiashara wa mahindi hiyo ni misimu miwili au mitatu, mtaji umelala na wakili ameshalipwa.

Bunge lingeweza kumaliza utata huu kwa kifungu kimoja: kila mgogoro wa upangishaji, wa nyumba au wa fedha, uanzie barazani.

Wenye nyumba nao si watakatifu. Wapo wanaoiona mashine, wakapandisha kodi na kunyamaza, kisha wakaukumbuka mkataba majirani walipolalamika. Isitoshe, ridhaa yao pekee haitoshi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kubadili matumizi kunahitaji kibali cha mamlaka ya mipango, ambayo hapa ni manispaa.

Wakati Bunge likisubiriwa, mkataba wa ukurasa mmoja ungeokoa mengi: nyumba ni ya kuishi au ya ghala, mashine inaruhusiwa au la, nani ataomba kibali manispaa, na nani ataziba ule ukuta siku mpangaji akihama.