Bafle za Baba Zisitupwe



Wengi kati yetu hapa Keshero tuko na chombo cha muziki nyumbani: ampli ya zamani na bafle mbili ambazo baba alinunua mbele hatujazaliwa. Sauti yake imechoka. Basi kila mutu anasema: «Tuiuzishe, tununue ile kubwa ya sokoni yenye taa za rangi.» Sisi tunasema hapana, na tutaeleza sababu.

Tulishaonja wenyewe. Kwetu tulikuwa na dola 60, feza ambayo ingesaidia masomo ya mdogo wetu. Tuliwasumbua wazazi mpaka wakakubali. Tukanunua kisanduku kilichoandikwa wati 1000. Juma la tatu kikanyamaza. Fundi alikigeuza akatuonyesha kibandiko kidogo cha nyuma: kinakula wati 40. Chombo kinachokula wati 40, namna gani kitaimba kwa wati 1000 saa nzima? Mdogo wetu akarudishwa nyumbani kwa deni, siku tatu. Aibu ile ilikuwa yetu, si yake.

Kwa hiyo, ndugu, musome kwanza nyuma ya chombo, kisha mbele. Tena mujue kwamba kuzidisha wati mara mbili hakuzidishi sauti mara mbili. Sikio linaona tofauti kidogo tu. Ili sauti ionekane kubwa mara mbili, inaomba nguvu karibu mara 10. Feza inaisha mbele ya kufika kule.

Tuanze na kazi isiyoomba hata franka moja. Toeni bafle chini, muziweke juu ya kiti ao mawe, zifike karibu na masikio ya mwenye kukaa. Musizifinye kwenye pembe ya nyumba, maana pale sauti nzito inavuma na kufunika maneno. Tazameni waya: nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Kama bafle moja imegeuzwa, sauti nzito za hizi mbili zinauana, na watu wanasema ampli imekufa, kumbe ni mzima. Katika nyumba zetu za mbao na manjanja, rido nzito ao mkeka inapunguza mwangwi.

Nyuma ya hapo, feza kidogo. Ile kelele ya krr-krr mukizungusha kitufe ni vumbi ndani, fundi anaisafisha. Waya nyembamba kama uzi ibadilishwe. Kamba ya kuunganisha telefone iingizwe pale palipoandikwa AUX ao TAPE, si PHONO, maana PHONO ni ya sahani, inakuza sauti kupita kiasi na kuiharibu. Na kwa sababu umeme wetu unapanda na kushuka, tununue kwanza stabilizateri mbele ya bafle mpya. Kama kunabaki kitu, ndipo mutafute bafle nzuri zilizotumika, lakini muangalie ohmu: ampli iliyoandikwa 8 musiipe bafle za 4, inaweza kuungua.

Mwingine atasema: muziki ni anasa tu. Hapana. Mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipopasuka na watu wengi wakaenda njia ya Sake, nyumba nyingi zilitega sikio kwa radio. Siku kama ile, chombo kinachovuma bila kusikilizisha maneno ni kazi bure. Sauti safi inapita sauti kubwa. Hata wana-kwaya wanajua: anayepiga kelele si yeye anayesikilika.

Neno la mwisho ni kwa sisi wote. Ukuta wa mbao haufungi sauti. Jirani iko na mtoto wa kandideti anayesoma usiku kwa ajili ya Examen d'État. Chombo kizuri kinasikilika vizuri hata kikiimba polepole. Kile kibaya tu ndicho kinaomba kupandishwa kila saa.

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi kidonda tulikiona. Posho hii, mbele ya kuomba feza kwa mama, mugeuze kwanza zile waya, musikilize. Halafu mutuambie.