Kibarua Si Mzembe

Mwandishi aliyedai kuwa asiye na bima ya afya ni mzembe, eti Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulikuwa shilingi 30,000 tu kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, afike eneo la viwanda la Zegereni alfajiri. Kwenye mageti atawakuta vijana wamechuchumaa, kopo la chakula mkononi, wakingoja msimamizi awanyooshee kidole. Asiyechaguliwa anarudi mikono mitupu. Kibarua hana mkataba, basi hana mwajiri wa kumchangia. Na nyumbani wako yeye, mkewe, bibi, watoto wanne na mpwa: nani aachwe nje ya kadi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na hiyo "wote" naiamini. Basi kibarua aruhusiwe kulipa kidogo kidogo, siku aliyopata.