Mwenzako akiwa stima kazini, usimfiche

Uwe kwenye kiwanda cha chai Nyamira, machimbo ya mawe ya sabuni Tabaka au steji ya boda mjini Kisii, huenda unamjua. Macho mazito, ulimi unateleza, mikono haitulii. Hanuki pombe, kwa hivyo supavaisa hashuku. Wasee wanamfunika: mmoja anashika zamu yake, mwingine anasema ati ameenda msalani. Eti ni urafiki. Sisi tunasema huo si urafiki.

Tramadol ni dawa ya maumivu inayotengenezwa maabara, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Wapo wanaoimeza ili wahimili zamu ndefu. Ikizidi, hupunguza pumzi na huweza kuleta degedege. Bugizi nayo hulegeza mwili na kufuta kumbukumbu. Sasa fikiria mtu huyo akilisha mashine ya kukata majani ya chai, au akibeba abiria wawili kwenye barabara ya Keroka. Anayeumia anaweza kuwa wewe.

Wengi hunyamaza wakiogopa mwenzao atapigwa kalamu. Hofu hiyo ina msingi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo anayelewa saa za kazi hadi ashindwe kufanya kazi yake. Lakini kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, kisha amsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Akikuchagua wewe, usiende kuapa kwamba hajawahi kumeza kitu. Nenda umwombee likizo ya matibabu.

Akiwa stima sasa hivi, mtoe kwenye mashine au chukua ufunguo wa pikipiki. Usigombane naye, wala usimwache peke yake. Akipumua polepole au akianza kutetemeka, mkimbize hospitalini na useme wazi alichomeza. Kesho yake, akiwa timamu, zungumza naye mkiwa wawili, si kwenye grupu ya WhatsApp. Mpe nambari 1192 ya NACADA, haitozwi pesa. Na kama amezoea kwa muda mrefu, usimlazimishe kuacha kwa siku moja. Mwili hugoma, na hapo anahitaji daktari.

Nanyi mabosi na wenyeviti wa steji, kumfukuza bila kumtibu ni kumhamishia jirani tatizo. Tena jiulizeni: kama vijana wanameza tembe ili wamalize zamu, hiyo zamu ina saa ngapi?

Kumfunika mwenzako kunamnunulia siku moja tu. Kumsemesha mapema kunaweza kumwokolea kazi, mkono, hata uhai. Leo zamu ikiisha, mtafute.