Homa ya ushago: mbona hakuna anayeuliza ulikula nini?

Ukienda ushago Meru ama Embu, upande wa msitu wa Mlima Kenya, utasikia wakulima wakilia na nguruwe mwitu. Wanashuka usiku, wanamaliza viazi na mahindi. Sasa mmoja akinaswa, unadhani anazikwa? Analiwa, na nyama hiyo haijaonwa na mkaguzi yeyote.

Hapo ndipo kuna noma. Mlipuko wa kwanza wa trikinosi kuandikwa na wanasayansi Afrika kusini mwa Sahara ulitokea kwenye miteremko ya mlima huohuo, baada ya vijana kula nguruwe mwitu ambaye hakuiva vizuri. Ripoti ilitoka 1961. Mmoja wa walioiandika, George Nelson, ndiye mnyoo huo ulipewa jina lake 1972: Trichinella nelsoni.

Mabuu ya mnyoo huu hujificha kwenye misuli ya mnyama. Ukiyala, yanakomaa tumboni, yanazaa, na watoto wao wanapita kwa damu hadi misuli yako. Kwanza unaendesha. Baadaye inakuja homa, kope zinavimba, mwili mzima unauma. Ikizidi, hata moyo unaguswa.

Homa na mwili kuuma? Wengi wetu tunasema ni malaria ama taifodi, tunameza dawa, basi. Na mgonjwa mwenyewe hasemi alikula nini, kwa sababu uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Nani atajipeleka jela? Sheria inalinda wanyama, sawa, lakini hofu yake inamfunga mgonjwa mdomo wakati siku zinahesabika: dawa za minyoo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mabuu hayajafika kwenye misuli.

Na wewe wa mtaani usicheke. Nyama ya ushago hupanda matatu pia, na kuikausha ama kuipiga moshi hakutoshi kuua mnyoo. Ipike hadi ndani kabisa ifike nyuzi 71. Kwa bucha, tafuta mhuri wa mkaguzi.

Lakini tusimwachie mpishi kila kitu. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya afya na ya madaktari wa mifugo. Basi zahanati za kando ya msitu zifunze wahudumu kuuliza, “Umekula nyama gani mwezi huu?” Na jibu libaki kati ya mgonjwa na daktari, lisifike kwa askari.