Tuhesabu Miti, Tusihesabu Miche

Mwaka 2018 serikali ya Burundi ilianzisha mpango wa Ewe Burundi Urambaye, yaani nchi ivikwe miti. Jina ni zuri, kwani vilima vilivyobaki uchi vinahitaji nguo. Lakini amvishaye mwenzake hana budi kujua kama nguo ile inamfaa. Sisi wa Gashoho, pamoja na wenzetu wa Muyinga na Gitega, tunapaswa kuuliza: tunavishwa nini?

Miti tunayoiona kwa wingi vilimani ni mikaratusi na migrevilea. Yote miwili asili yake ni Australia. Simlaumu anayepanda mkaratusi kwa ajili ya kuni na nguzo. Hukua upesi, ukikatwa huchipua tena, na familia inayopika kwa kuni haiwezi kungoja miaka mingi. Ninachokipinga ni kuupanda kando ya chemchemi na mabondeni, ambako hunywa maji ya mashamba, kisha tukajisifu kwamba tumerudisha msitu. Shamba la mikaratusi ni shamba, kama lilivyo la mahindi. Si msitu.

Tuutazame umuvugangoma, ambao Watanzania huuita mringaringa. Ndio mti unaochongwa ngoma zetu. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, nasi tukashangilia. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kupanda umuvugangoma hata mmoja? Ni urithi gani huu tunaoulinda kwa cheti, huku mti wake ukiishia jikoni?

Wako watakaosema kwamba miti ya asili huchelewa na mbegu zake ni adimu. Basi watazame Karura, msitu wa hekta zipatazo 1,000 jijini Nairobi. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usigawiwe wajenzi. Leo watu wa kujitolea hung'oa lantana humo, na mahali pa mikaratusi ya zamani hupandwa miti ya asili. Mbegu hazikushuka kutoka mbinguni. Huokotwa chini ya miti iliyosalia, zikaoteshwa kitaluni. Hata kwetu wako wazee wanaojua umusave au umurinzi umesimama wapi na huzaa lini. Tusipowauliza sasa, tutapoteza miti pamoja na majina yake, na sisi wanafunzi wa lugha tutakuwa wa kwanza kulaumiwa.

Liko pia suala la heshima. Mkulima anayeacha jembe lake asubuhi ya Jumamosi kwenda kwenye kazi za pamoja hatoi kitu kidogo. Kumwambia achimbe shimo, apande mche, kisha mche huo uachiwe mbuzi, ni kumdharau. Idadi ya miche iliyopandwa haimwambii mtu lolote.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, kando ya maji ipandwe miti ya asili tu, na mikaratusi ibaki katika mashamba ya kuni. Pili, waliopanda wakati wa mvua warudi baada ya kiangazi, mwezi wa Septemba, wahesabu iliyo hai. Hesabu hiyo ndiyo isomwe mbele ya watu, hata ikiwa ndogo.